Nyumba Iliyonukia Sabuni

Mwaka wa themanini na tatu darasa la sita la shule yetu pale Maisaka lilikuwa liende Arusha kutazama makumbusho. Nilianza kuiandaa safari ile tangu Januari. Kwanza lori la ushirika halikuwa na dizeli. Dizeli ilipopatikana, halikuwa na tairi. Tairi zilipopatikana, dereva alikuwa msibani Dareda, na aliporudi dizeli ilikuwa imekwisha kwenda kwingine. Nikaacha kuuliza, maana nilishakuwa kichekesho cha wapakiaji mizigo.

Mimi nilizaliwa Rombo nikapangiwa kazi Babati, na hasira zangu huishia mikononi. Asubuhi moja niliingia darasani nikafunga kitabu cha historia mbele ya watoto.

"Makumbusho hayaji, na sisi hatuendi," nikawaambia. "Kesho leteni majembe. Tutayachimba hapa hapa."

Kitabu kile kilikuwa na sentensi moja tu juu ya nyumba za zamani za Wambulu, zile zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa likawa sawa na ardhi na kufunikwa udongo na majani, ili wavamizi wanaosaka ng'ombe wapite bila kujua kwamba chini ya miguu yao kuna familia nzima imekaa. Sentensi moja, na nusu ya watoto wangu walikuwa na babu waliozaliwa humo. Niliona ni aibu mtoto akariri sentensi hiyo ili afaulu mtihani, halafu asijue hata kimo cha mlango.

Tulichimba kwenye mteremko nyuma ya shule, upande wa mlima Kwaraa, katika vipindi vya elimu ya kujitegemea. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Melkiori, babu yake Marcelino, katekista mstaafu mwenye mdomo mchungu kama shubiri. Alinigombeza kwa kila nguzo niliyoisimamisha. Alitaka tuchimbe na mlango wa pili wa kutokea nyuma. Wazee wenzake wakambishia kwamba zamani hapakuwa na kitu kama hicho, na mwalimu mkuu, Aminiel, akasema miti imekwisha na mlango mmoja unatosha kwa darasa moja. Ukabaki mmoja, mfupi, wa kuingia umeinama kichwa kikitangulia.

Kwa jambo moja tu mzee hakukubali kubishiwa. Alisema alikuwa na mdogo wake aliyelala nyuma ya kihenge cha mtama siku baba yao alipoibomoa nyumba ili wahamie nyingine. Walidhani yuko kwa shangazi. Hakueleza zaidi ya hapo, na watoto, ambao kwa kawaida huuliza kila kitu, hawakuuliza.

"Tangu siku ile," akasema, "kwetu hakuna anayefunga nyumba wala kuifukia kabla mtu hajasimama mlangoni akauliza: wametoka wote? Na lazima mtu ajibu. Kimya si jibu."

Watoto walilipenda sharti hilo kuliko nguzo zote. Kila kipindi kilipoisha waligombea nani aulize na nani ajibu.

Siku ya kuifungua nyumba tuliwaalika wazazi na viongozi wa kata. Tulichinja mbuzi mmoja aliyekonda, tukawaonyesha jiwe la kusagia, kihenge, vibuyu na kitanda cha udongo chenye ngozi ya ng'ombe juu yake. Watoto walieleza kila kitu kwa sentensi kamili. Kamanda wa mgambo wa kata, Severine wa Nangara, alikuja na shati lake la kaki lililofuliwa kwa majani ya mpapai mpaka likachukua ukijani. Binti yake Romana alikuwa mwanafunzi wangu. Alimwomba baba yake aingie aone, lakini Severine alikuwa mtu wa tumbo na cheo, akautazama ule mlango, akasema anaona vizuri kutoka nje.

Mzee Melkiori ndiye aliyetoa hotuba. "Hakuna mvamizi hata mmoja aliyewahi kuziona nyumba hizi," alisema akiinua fimbo yake. "Walipita juu ya paa, wakakojoa juu ya paa, wakaenda zao."

Watu wakapiga makofi. Na mmoja wa waliopiga makofi kwa nguvu alikuwa Domitila, tuliyemwita Mama Bernadina, mjane aliyeuza ndizi na samaki wa ziwani sokoni. Binti yake Bernadina alikaa dawati moja na Romana, na wasichana wale walikuwa kama ulimi na mate.

Ni lazima niseme habari ya sabuni, maana aliyezaliwa juzi hataamini. Mwaka ule sabuni ilikuwa hadithi. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, miili tuliosha kwa maji ya majivu, na Jumapili kanisa zima lilinukia jikoni. Sabuni ya kuogea iliingia kwa magendo kutoka Kenya, na aliyekuwa nayo alioga kwa kificho kama mwizi. Kisha redio ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Aliyekutwa na bidhaa alizozificha alichukuliwa, na wengine hatukujua walipelekwa wapi. Ilisemekana watu wanatupa vitenge ziwani na kumwaga sukari chooni. Sisi tuliokunywa chai ya chumvi tuliumia zaidi kwa ile sukari.

Alhamisi moja asubuhi nilipanga somo la kunyamaza. Darasa zima liingie ndani, likae gizani bila sauti, na Marcelino, mlinzi wetu wa nje, apite juu ya paa kama mvamizi. Akimwona mgeni apige mluzi. Nilitaka watoto wajue hofu ina uzito gani, kwa sababu kitabu hakisemi.

Niliingia wa mwisho, nikasimama palepale mlangoni. Nyumba yetu ilikuwa inanukia maua.

Haikuwa harufu ya mbali. Ilikuwa sabuni ya kuogea, nyingi, imejaa lile shimo mpaka kwenye miti ya paa. Watoto walikuwa wamekaa kwenye giza, pua juu, na hakuna aliyesema kitu. Watoto wa mwaka ule walijua vitu vya kutosema. Nilipapasa ukuta mpaka mwisho wa nyumba, nikakuta kitanda chetu cha udongo, na kando yake kitanda kingine ambacho hatukukitengeneza. Nacho kilikuwa kimefunikwa ngozi. Chini ya ngozi nilishika katoni.

"Mwalimu," Bernadina alininong'oneza. "Mama amesema ni leo tu. Kesho anazitoa."

Nilipandwa na hasira hata nikasikia masikio yakivuma. Ningekuwa na Domitila mbele yangu ningemtikisa kama mwembe. Mama yule alisikia hotuba ya Mzee Melkiori akaiamini kama Injili, akasahau kutazama nani mwingine alikuwa anapiga makofi. Akaenda kuficha magendo katika nyumba pekee, Babati nzima, ambayo viongozi walialikwa kuja kuonyeshwa jinsi watu wanavyoficha mali.

Nilifungua mdomo niwatoe watoto. Hapo hapo Marcelino akapiga mluzi.

Miguu ilipita juu ya vichwa vyetu, mingi, ya watu wazima wenye viatu. Udongo ukatudondokea. Darasa langu likafanya kama nilivyolifundisha. Sikusikia kikohozi wala mkwaruzo, na nilitamani mmoja wao apige chafya ili nipate sababu ya kuwatoa.

"Kamanda, hapa pana nini?" Ilikuwa sauti nisiyoijua.

"Makumbusho ya watoto wa shule." Huyo alikuwa Severine.

"Ya kuonyesha nini?"

Akatokea kujibu Marcelino, ambaye nilimfundisha kwa mdomo wangu mwenyewe namna ya kuwajibu wageni. "Hii ni nyumba ya kujifichia watu na mali zao," akasema, kwa sentensi kamili.

Miguu juu ikasimama. Kisha ile sauti ngeni ikasema, "Ingia utazame, kamanda. Sisi tutakaa mlangoni."

Baadaye niliambiwa walikuwa wawili, wametoka wilayani, na wala hawakuwa watu wake. Waliletwa kumtazama yeye anavyofanya kazi. Kule ndani sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mlango ni mmoja, na kwamba mimi ndiye mwalimu wa shimo lile na kila kilichomo. Ningesema ukweli, Domitila angekwenda, naye Bernadina hakuwa na baba. Nisingesema, ningekwenda mimi, na labda Domitila pia. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Nikamkumbuka mama yangu Rombo.

Severine aliingia kichwa kikitangulia, akihema, na tumbo lake likaziba mwanga wote. Akanyanyuka taratibu, mikono mbele kama kipofu. Aliyetoka juani haoni kitu mle mpaka macho yazoee.

"Mwalimu Leonia yumo?"

"Nimo, Baba Romana. Angalia kichwa, miti iko chini."

"Watoto wamo?"

Watoto hawakujibu. Nilikuwa nimewakataza kusema. Ni Bernadina aliyemshika mkono. Sijui kama ilikuwa hofu au ni malezi, kwamba mgeni akiingia hupewa pa kukaa, lakini alimvuta baba wa watu akamkalisha juu ya ngozi. Katoni zikalia chini ya uzito wake.

"Humu kunanukia," akasema.

Lilimtoka tu, kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anavyosema mvua inakuja. Kisha akanyamaza, maana alikuwa ameelewa. Lakini mlangoni mtu alikwisha kuinama.

"Kunanukia nini, kamanda?"

Nilisikia mkono wa Severine ukiingia chini ya ngozi. Nilisikia kucha zake kwenye karatasi ngumu. Nikafumba macho, kitu cha kijinga kufanya gizani.

"Ni mimi, baba," Romana akasema. "Nimeoga."

Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilisikika vizuri, mpaka mlangoni. Alikuwa amekaa karibu na kihenge. Hakuwa ameoga kitu. Alinukia majivu kama wenzake, na baba yake alilijua hilo, kwani walitoka nyumba moja asubuhi ile.

Nilimsikia Severine akivuta pumzi na kuizuia. Nami nikauona mtego alioingia, wazi kama ningeuona mchana. Alikuwa amekalia mzigo wa magendo. Binti yake alikuwa amesema uongo kuufunika, na wale wa wilayani wamesikia. Akiinua ngozi sasa, wataulizana kwa nini mtoto wa kamanda analinda sabuni, na jibu la kwanza litakalowajia ni kwamba sabuni ni ya kamanda. Asipoinua, mtoto lazima awe ameoga.

"Kamanda?"

"Ni mtoto wangu," Severine akasema kwa sauti. "Ameoga."

"Ameoga?" Mmoja alicheka. "Basi atoke, na sisi tumnuse."

Kilichofuata nilikisikia tu. Severine alianza kugomba. "Njoo hapa wewe! Nani kakwambia uoge siku ya shule? Sabuni ile mama yako kaificha kwa ajili ya nani?" Aligomba kwa sauti kubwa iliyojaza nyumba, na chini ya sauti hiyo nikasikia karatasi ikichanwa, na kibuyu chetu cha maonyesho, ambacho watoto walikijaza maji, kikiinamishwa, na maji yakimwagika, kisha kiganja kikipita juu ya ngozi ya mtoto, shingoni, mikononi, nyuma ya masikio. Mdomo ulikuwa mkali na mkono ulikuwa wa baba anayeogesha mtoto mchanga. Romana hakutoa sauti. Alipomaliza akamgeuza kuelekea mlangoni.

"Toka, waonyeshe upumbavu wako."

Romana akatoka. Niliona kwa nje mtu mwembamba akipiga magoti na kumshika bega, akiinusa shingo yake kama anayenusa tikiti sokoni.

"Huyu ameoga kweli kweli," akamwambia mwenzake.

Severine alitoka nyuma yake, magoti na viganja vimejaa vumbi. Hakuna aliyemsaidia kuinuka.

"Kamanda," yule mwembamba akasema kwa heshima, na heshima ile ilinitia baridi. "Sisi wilayani tunaoga majivu."

"Ni kipande tu. Mama yake alipewa na shemeji yake."

"Vizuri. Twende tukakione."

Hawakuingia ndani. Harufu ile ilikuwa imewapatia windo kubwa kuliko shimo la watoto. Walikwenda naye Nangara, wakapekua nyumba yake mpaka kwenye majivu ya jikoni. Wangekuta kipande kimoja, labda wangekichukua na kumwonya. Hawakukuta hata povu. Mtoto amenukia, baba amekiri, na sabuni haipo: wakasema basi imefichwa, na inayofichwa ni nyingi. Alipakiwa kwenye lori la ushirika. Siku hiyo lori lilikuwa na dizeli, na tairi, na dereva.

Jioni ile ile Domitila aliziondoa katoni zake. Sikumuuliza amezipeleka wapi. Nilimfuata sokoni siku iliyofuata, nikamkuta amekaa nyuma ya ndizi zake, amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi.

"Mama Bernadina, yule baba yuko ndani kwa sabuni yako."

"Najua, mwalimu."

"Sasa?"

Alizipanga ndizi ambazo zilikuwa zimepangika. "Nilimzika mume wangu mwaka juzi. Nikiingia mle, Bernadina atabaki na nani? Wewe utamlea?"

"Nitamlea," nikamjibu kwa ukali, kama vile tunagombana.

"Na wewe wakikuchukua, maana shimo ni lako?"

Nilinunua ndizi ambazo sikuzihitaji, nikarudi shuleni nazo. Tangu siku ile kila nilikogeuka niliona ukuta. Ukweli ungemtoa mmoja na kumwingiza mwingine, na kila aliyeingia alikuwa na mtoto darasani kwangu.

Romana alikuja shule kila siku. Harufu ilimkaa siku mbili tatu, kisha naye akarudi kunukia majivu. Alikaa dawati lile lile na Bernadina, na sikuwaona wakigombana. Ila walikuwa wameacha kuzungumza. Siku moja wakati wa mapumziko Romana alinifuata ofisini.

"Mwalimu, nikienda kusema kwamba nilidanganya, watamwachia?"

"Watakuuliza harufu ilitoka wapi."

Akafikiri. Alikuwa mtoto mwenye akili, na nililaani akili yake. "Basi hapana," akasema, akarudi darasani.

Mama yake alipeleka chakula mahabusu, akarudi nacho. Walimwambia mumewe amehamishiwa Arusha, kisha wakamwambia hajahamishwa. Mwalimu mkuu Aminiel alipita mbele yangu akitazama viatu vyake. Mimi nilifundisha hesabu za sehemu, na siku ya historia nikawapa watoto wachore ramani.

Ndipo ikaja amri kutoka wilayani. Shimo linalofundisha watoto kuficha mali lifukiwe, na wazazi washiriki. Jumamosi tukakusanyika na majembe, wazazi upande mmoja, darasa la sita upande mwingine. Mzee Melkiori alikuja na fimbo yake, hakumwamkia mtu. Wanaume walitoa vitu vyote vya ndani, vikapangwa kwenye nyasi: jiwe, vibuyu, kihenge, ngozi. Nilivitazama vile vitu juani. Vilionekana vidogo, na nilisikia uchungu, kwa kuwa nilivipenda.

Mwalimu mkuu akainua mkono tuanze.

"Bado," akasema Mzee Melkiori. "Kwanza mtu aulize."

"Mzee, tumeona wenyewe, mle ndani hamna mtu."

"Baba yangu pia aliona mwenyewe."

Aminiel akashusha mkono. Ilikuwa zamu ya Marcelino. Akaenda akasimama kwenye ule mlango mfupi, akainama, akaita mle ndani kama alivyozoea.

"Wametoka wote?"

Kwa kawaida watoto waligombea kujibu. Siku hiyo kila mmoja alitazama jembe lake. Upepo ulipita ukavuma kidogo mdomoni mwa lile shimo.

"Kimya si jibu," mzee akasema.

Marcelino akanitazama mimi. Nilipaswa kusema wametoka, na jambo lingekwisha. Midomo ilikataa. Akauliza tena. "Wametoka wote?"

"Bado," Romana akasema. "Baba bado."

Hakulia. Alisema kama anavyojibu mtoto aliyeulizwa nani hayupo darasani leo. Mama yake, aliyekuwa kati ya wazazi, aliketi chini palepale kwenye udongo tuliochimbua. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema haya, watoto, majembe. Akaliinua na lake. Mzee Melkiori akaja taratibu akailaza fimbo yake mlangoni, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Amejibiwa," akasema. "Nyumba haifukiwi."

"Mzee, hii ni amri ya wilaya."

"Basi wilaya ije isimame hapa iulize."

Hakuna aliyesogea. Wazazi wengine waliegemea mipini ya majembe yao. Nilimtafuta Domitila kwa macho nikamkuta ananitazama, na uso wake ulikuwa umebadilika, umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo kabla ya kufika. Alimwendea Bernadina, akamkabidhi jembe.

"Kaa na Romana," akamwambia. "Nikichelewa, mfuate kwao."

Bernadina alimshika kanga. Domitila akavifungua vile vidole kimoja kimoja, bila ukali, akaanza kushuka mteremko kuelekea barabara ya bomani, kwenye ofisi za wilaya. Hakumuaga mtu mwingine. Mama Romana aliinua kichwa akamtazama akipita, na nadhani ndipo alipoelewa, maana alifunika mdomo kwa mkono, kisha akamnyoshea Bernadina mkono huo huo.

Nami nikatua jembe langu. Shimo lilikuwa langu, na mtu wa kusema nilichokishika chini ya ngozi alikuwa mimi. Nilimfikia Domitila pale njia inapokutana na barabara. Alinitazama kwa pembe ya jicho.

"Mwalimu, rudi. Una watoto kule."

"Wana Mzee Melkiori," nikasema.

Hakubisha. Tulitembea bega kwa bega mpaka tukaona bati za boma, jua likituchoma mgongoni. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuinusa kanga yake kila upepo ulipovuma. Alikuwa na katoni zile zote, na yeye mwenyewe alinukia majivu.